Baba Mkwe, Mlinzi, Mgonjwa: Maisha Yangu ya Nafasi Ndogo

Namshukuru Mungu aliyenipa sauti nzito na uso usiokumbukwa, maana vitu hivyo viwili vimenilisha maisha yangu yote. Mwenye uso mzuri hupewa kuwa bwana harusi. Mimi nilipewa kuwa baba mkwe, mlinzi wa geti, karani wa posta, shehe anayefungisha ndoa, na jirani anayepiga hodi kuleta habari ya msiba. Redioni nimekufa mara nyingi hata marehemu mke wangu akaacha kuuliza nimekufa kwa maradhi gani. Aliuliza tu kama nitawahi chakula.

Mwaka huu wa 2020, vyumba vyetu vya kuigizia wagonjwa hapa Houston vilipofungwa kwa sababu ya maradhi yaliyoenea, niliona wakati wangu wa kupumzika umefika. Ninyi wenzangu vijana, mtakaorudi kulala kwenye vitanda vile milango ikifunguliwa, mliniomba niandike nilivyoifanya kazi hii. Naandika asubuhi baada ya sala, nyumba ya binti yangu ikiwa bado kimya. Mtanisamehe nikienda polepole.

Nilianzia Dar es Salaam, kijana kutoka Tanga, kwenye michezo ya redio. Siku ya kwanza nilipewa sentensi moja: "Bwana ametoka." Nilikuwa mlinzi. Aliyetuongoza alikuwa Bi Mwanahawa, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikaisema sentensi yangu kwa sauti nzuri. Akaamuru mitambo izimwe.

"Sefu, huyu amekula?"

"Nani, Bi?"

"Mlinzi. Amekula leo?"

"Haijaandikwa, Bi."

"Najua haijaandikwa. Nakuuliza wewe."

Nikakisia kwamba hajala.

"Basi sema kama mtu ambaye hajala, na mwenye chakula ndiye aliyetoka."

Nikarudia, na kurudia, mpaka waigizaji wakubwa wakaanza kupiga miayo. Mchezo uliporushwa, mama yangu aliusikiliza Tanga kwa jirani mwenye redio. Alisema alinitambua kwa njaa.

Vifaa vyetu vilikuwa sinia la kokoto la kutolea sauti ya nyayo, mlango mdogo uliosimamishwa kwenye fremu yake katikati ya chumba, kikombe na kijiko. Bi Mwanahawa hakuruhusu mtu kuufungua mlango ule kabla hajasema mhusika wake anatoka wapi. Ukimjibu "natoka nje" alikurudisha. Nje wapi? Jua au mvua? Ulikuwa na nani? Nimeingia milango mingi tangu wakati huo na bado najiuliza maswali yake nikishika kitasa.

Jambo moja lilinisumbua mwanzoni. Nilisoma chuo cha Kurani tangu utotoni, na niliogopa kwamba najipatia riziki kwa uongo. Nikaenda kwa maalim wangu, nikamweleza.

"Wanaokusikiliza," akaniuliza, "wanajua kwamba wewe si huyo mlinzi?"

"Wanajua, maalim."

"Basi hujamdanganya mtu. Ila nasikia mnarekodi wakati wa alasiri. Hilo ndilo litakalokuletea shida."

Tangu hapo niliomba ruhusa ya sala kila nilikofanya kazi, na hakuna aliyeninyima. Miaka mingi iliyofuata nairuka. Nilipanda, nikashuka, redio zikabadilika, na hayo hayawezi kumsaidia mtu anayejifunza kukohoa.

Mwaka 2017, baada ya mke wangu kufariki, binti yangu Zuhura alinichukua nikaishi naye Katy, nje kidogo ya Houston. Yeye ni mfamasia. Nyumba ni nzuri, barabara ni pana, na hakuna anayepita kwa miguu. Nilikaa dirishani nikitafuta watu wa kuwaiga nikaona magari tu, nayo hayana tabia ya kuigwa. Zuhura aliona ninavyonyong'onyea. Wikiendi moja akanipeleka kwa ndugu zetu DeSoto, kusini mwa Dallas, ambako kikundi cha Waswahili wa kila nchi kilikuwa kikiandaa mchezo katika ukumbi wa kanisa. Kiongozi wao alikuwa kijana Mkenya, Kamau.

"Mzee Sefu," aliniambia, "kuna part moja hapa kila mtu ameikataa."

"Part gani?"

"Pastor. Sasa huyu pastor si mtu poa sana. Anakula sadaka, halafu waumini wakianza kumuuliza maswali anashikwa na kifua."

"Na kwa nini wameikataa?"

"Pastor wetu atakaa mbele kabisa."

"Na mimi je?"

"Wewe ni Muislamu, mzee. Hawezi kukufukuza church."

Nikaichukua. Aliyecheka zaidi usiku ule alikuwa mchungaji mwenyewe. Waumini walimtazama yeye kwanza, ndipo nao wakacheka. Kifua kiliponishika, ukumbi ulinyamaza, na nikajua bado naijua kazi.

Baadaye mwanamke Mmarekani mweusi, mzee kama mimi, alinijia akiwa na sahani ya pilau. Jina lake Loretta. Alikuwa mwigizaji wa nafasi ndogo kama mimi, mkazi wa Houston, na siku ile alikuwa amekuja kumtembelea dada yake.

"Sikuelewa hata neno moja," alisema, "lakini nilijua kifua kinakuuma kabla hujakishika. Unaishi wapi?"

"Katy."

"Basi njoo uumwe Houston. Kuna kazi."

Kazi yenyewe mnaijua, ila naieleza kwa atakayeisoma habari hii kutoka mbali. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi hujifunza kuzungumza na wagonjwa wa kuigizwa kabla hawajakabidhiwa wagonjwa wa kweli. Mwigizaji hupewa ugonjwa, umri, na maisha ya kuubeba ugonjwa huo. Mwanafunzi huingia, huuliza, hugusa anaporuhusiwa, na mwalimu hutazama kutoka nyuma ya kioo. Zuhura nilipomweleza aliweka kijiko chini.

"Baba, nimekuleta Marekani upumzike, wewe unaenda kulazwa?"

"Jioni narudi."

"Wagonjwa wote husema hivyo."

Siku yangu ya kwanza nilikuwa mzee mwenye maumivu ya moyo. Nilijiandaa njia nzima ya barabara kuu, na njia ile inatosha kujiandaa kwa kifo. Mwanafunzi akaingia, akaniuliza kwa adabu hali yangu. Nikamjibu kwamba mimi mzima, namshukuru Mungu, na yeye je? Akasimama. Akatazama mlango kama amekosea chumba.

"Bwana, nimeambiwa kifua kinakuuma."

"Kinaniuma sana."

"Lakini umesema mzima."

"Ile ilikuwa salamu."

Loretta, aliyekuwa nyuma ya kioo na mwalimu wetu Daktari Linh, alicheka mpaka akakaa chini. Daktari Linh hakucheka. Wazazi wake walitoka Vietnam, na akaniambia taratibu kwamba baba yake alikuwa vivyo hivyo. Alikuwa akimjibu daktari kuwa hajambo hadi wiki aliyolazwa.

Kwetu sote tunajua. Mtu anaweza kuwa hoi kitandani, ukimwuliza habari atasema nzuri, atauliza za kwako, za watoto, za safari, na salamu zikishakwisha ndipo atakapokuambia, "Ila huu mguu, mwanangu." Anayeondoka kabla ya ile "ila" ameondoka bila habari. Daktari Linh aliona hilo lifundishwe. Akatunga mgonjwa mpya: mzee wa Afrika Mashariki asiyejua Kiingereza, anayekojoa damu, na anayesema hajambo. Mzee huyo angehitaji mkalimani, kwa hiyo wanaosomea ukalimani wa hospitali wangefunzwa na kupimwa katika chumba hichohicho. Sasa nilikuwa na nafasi ambayo hakuna mwingine wa kuigombea.

Kabla sijafika huko, mambo machache ya kazi. Maumivu yachagulie mahali pamoja, wala usiyahamishe. Anayeumwa kweli hapigi kelele, bali hupunguza: hupunguza pumzi, hupunguza maneno, hupunguza kugeuka. Kula kabla ya zamu, kwa sababu tumbo linalonguruma humpotosha mwanafunzi. Vazi la mgonjwa liko wazi mgongoni, na vyumba vina baridi ya friji, basi beba kikoi. Mimi nilivaa changu kiunoni chini ya vazi lile, nikasali nacho pembeni ya kitanda kati ya mwanafunzi mmoja na mwingine. Siku moja binti mmoja wa uuguzi aliingia mapema akanikuta nimesujudu. Akadhani nimeanguka. Alipiga magoti, akanishika mshipa wa shingo, akaita msaada kwa sauti iliyofika korido yote. Siwezi kukatiza sala, nikaendelea, naye akaendelea kunipima. Nilipotoa salamu ya kumaliza, kulia na kushoto, kulia nilimkuta yeye, kushoto Daktari Linh. Tangu siku ile Loretta alibandika tangazo mlangoni: Mgonjwa anasali. Na yule binti alipewa alama za juu kwa mshipa.

Sasa niwaambie habari ya Furaha, kwa sababu katika kazi yangu yote hakuna aliyenifundisha kukaa kimya kama yeye.

Alikuja mwaka 2019 kusomea ukalimani. Mkongo wa Kivu, aliyekulia katika kambi ya wakimbizi Kigoma, akiishi mtaa wa Gulfton katika yale majengo ya vyumba vilivyobanana. Alifanya kazi ya usiku kwenye ghala la mizigo. Alikuwa na binti mmoja, Neema, aliyelala kwa jirani kila usiku. Hospitali moja ilikuwa tayari kumchukua kwa kazi ya mchana akifaulu mtihani wa vitendo, na mtihani wenyewe uliruhusiwa kurudiwa mara moja tu. Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Kiswahili chake ni kile cha Kongo, nacho changu cha Tanga, lakini tulielewana vizuri. Shida yake ilikuwa heshima.

Katika mtihani wa kwanza, mwanafunzi wa udaktari aliniuliza kupitia kwake kama nakojoa kwa shida, kama mkojo una damu, na kama mambo ya kitandani na mke wangu yamebadilika. Furaha alinitazama. Akainama kidogo.

"Papa, munganga anauliza kama ku nyumba muko muzuri."

Mzee niliyekuwa naye mwilini angejibu nini? Nilisema tuko salama. Akatafsiri kwamba tuko salama. Daktari akaridhika, akaondoka.

Msahihishaji alikuwa Mama Wanjiku, Mkenya, mkalimani wa miaka mingi ambaye hakumpendelea mtu. Aliingia akiwa amevua miwani.

"Furaha, daktari ameuliza mambo matatu. Wewe umebeba ngapi?"

"Pardon, mama."

"Usiniombe mimi msamaha. Muombe huyu mzee. Amekufa na figo."

"Bado sijafa," nilisema kutoka kitandani.

"Nyamaza, mzee. Umeshakufa."

Alishindwa. Ikabaki nafasi ya mwisho. Wiki iliyofuata nilimkuta kwenye chumba chetu cha chai, bado amevaa viatu vya ghalani, macho mekundu.

"Papa, mi naona haya," alisema. "Uko na miaka ya baba yangu. Ile maneno ya kukojoa, ntaiweka namna gani mu kinywa?"

"Kwani maneno ni yako?"

"Lakini ni mi njo nayasema."

"Furaha, mimi nimewahi kuwa mwizi wa sadaka mbele ya mchungaji. Mdomo ulikuwa wangu. Wizi haukuwa wangu."

Akatabasamu kidogo, kisha likatoka lililokuwa moyoni. "Asubuhi nikitoka kazi napita kumuchukua Neema. Namukuta amevaa viatu, anangoja ku mulango wa jirani. Hata sijabisha hodi. Sijue anaamuka saa ngapi."

Nilimwambia ninalolijua. Dini yangu inasisitiza kwamba amana ifike kwa mwenyewe bila kupunguzwa, hata kama mbebaji anaionea haya. Akasema kanisani kwao wanafundishwa hivyohivyo. Nikamwambia basi swali la daktari ni amana, na jibu la mzee ni amana, na heshima yake aitoe mlangoni kwa salamu, yote, bila haraka. Baada ya salamu abebe mzigo wa watu kama ulivyo.

Loretta alikuwa akisikiliza bila kuelewa. Tulipomweleza, akajitolea kuwa daktari wa mazoezi. Nikalala kwenye kochi.

"Muulize mzee," alisema Loretta, "kama bado anaweza mambo."

Furaha akafunika uso. "Siwezi."

"Muulize. Nina miaka zaidi ya sabini na mimi mwenyewe nataka kujua."

Tulirudia hivyo kila alipopata nafasi kabla ya kwenda kulala. Mwanzoni alisema maneno yale akitazama dari. Baadaye akatazama ukuta. Mwishowe alisema akinitazama kifuani, na sauti yake ikawa tambarare, si ya dharau, si ya woga. Nikamwambia imetosha.

Siku ya mtihani wa pili sikuruhusiwa kuzungumza naye nje ya uhusika. Nililala kitandani, nikajiuliza yale ya Bi Mwanahawa: mzee huyu anatoka wapi? Nikajijibu kwamba anatoka chooni, ameona damu, na hajamwambia mtu.

Wakaingia. Mwanafunzi alikuwa kijana mrefu mwenye haraka. Furaha alisimama mahali pake, akanisalimu kwa utaratibu mzuri, akajitambulisha. Kijana akauliza nimeamkaje. Furaha akalifikisha.

"Salama, alhamdulillah," nilisema. "Hatujambo kabisa. Sijui wewe."

Akalitafsiri neno kwa neno. Kijana akafurahi. Akauliza kama kuna chochote kinachonisumbua leo, akiwa ameshageuka nusu. Mzee wangu alikuwa bado kwenye salamu. Nikasema hakuna neno, tunashukuru. Furaha akalitafsiri hilo pia, sawasawa, bila kuongeza wala kupunguza, kama tulivyofanya mazoezi. Kijana akashukuru, akashika kitasa.

Hapo ndipo lilipokuwa shimo la mtihani, nami sikuwa nimeruhusiwa kumweleza. Akinyamaza, ametafsiri vyema na mgonjwa ameondoka na damu yake. Akimwambia daktari kwamba nimesema naumwa, amenitia maneno mdomoni, na hilo ni kosa la kumfukuzisha. Kulikuwa na njia moja, nayo ilikuwa yake peke yake.

Ningeweza kukohoa. Ningeweza kukunja uso au kushika kinena. Nimeishi kwa vitu hivyo, na mkono wangu ulitaka kwenda wenyewe. Lakini mzee yule asingemwita daktari arudi. Angemwacha aende na kumwombea safari njema. Nikaacha mkono ulale juu ya shuka. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo, na nadhani hilo mtihani haukulikataza.

Kitasa kikageuka.

"Daktari," Furaha alisema kwa Kiingereza, "sasa anazungumza mkalimani, si mgonjwa. Naomba kufafanua jambo la desturi."

Kijana akageuka.

"Kwetu mzee hujibu salamu kwanza. Kusema yuko salama ni adabu, huenda si habari ya mwili wake. Sijui kama anaumwa. Nakuomba ukae, umuulize tena." Kisha akanigeukia mimi. "Papa, nimemuambia munganga ile desturi yetu ya kujibu salamu mbele, na nimemuomba akuulize tena."

Maana mkalimani hapaswi kusema jambo chumbani pasipo wote wawili kulijua. Hata hilo alilikumbuka.

Kijana alivuta kiti. Nawaambia wenzangu, katika miaka yote niliyolazwa, nilikuwa sijaona mwanafunzi akikaa chini kwa utulivu kama ule. Akaniuliza mwili wangu unaendeleaje. Nikatazama ukuta, kama mzee yeyote angefanya, nikasema, "Ila kuna jambo la chooni."

Yakafuata maswali yote, ya mkojo, ya damu, ya kitandani. Furaha aliyabeba moja baada ya jingine, mazima. Lilipofika la mwisho alinitazama kifuani, kisha akalisema. Nami nikalijibu. Sikuwahi kupewa maneno mengi hivyo tangu nianze kazi.

Mama Wanjiku, aliyekuwa nyuma ya kioo, aliondoka na karatasi zake za alama. Siku zile za kungoja, Furaha aliendelea na ghala lake. Kisha nilimwona Mama Wanjiku koridoni, nikauliza kama mtu asiye na haja.

"Mzee, hiyo ni siri ya ofisi," alisema. Akapiga hatua chache, akarudi. "Umeshapona. Enda nyumbani."

Hospitali ilimpa Furaha kazi mwanzoni mwa 2020, zamu ya mchana, wiki chache kabla milango yetu haijafungwa. Alianza siku ya Jumatatu. Asubuhi ile nilikuwa nimekaa na Zuhura mezani, anajiandaa kwenda kazini, simu yangu ikalia kuonyesha ujumbe wa sauti. Nilisikia magari ya maegesho nyuma yake, na hatua zake za haraka.

"Papa Sefu, niko naingia kazi. Nimelala usiku. Neema alikuwa ananipiga mateke ku kitanda mpaka asubuhi, sikumusogeza."